Sanamu ya Bibi Titi Isimame kwa Senti za Wengi



Atokaye Kariakoo kwenda Feri kwa njia ya Mnazi Mmoja huikata Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Akiingia katikati ya mji huikuta Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, nayo ikaondolewa baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Watawala hao wote wawili waliwawekea wenyeji sanamu bila ya kuwauliza. Bibi Titi, aliyewaingiza maelfu ya wanawake katika harakati za uhuru, amepewa jina la barabara. Inafaa asimamishiwe na sanamu pia, na mahali panapostahili ni ng'ambo ya maji, katika kampasi ya Kivukoni.

Hawatakosekana watakaohoji. Bibi Titi, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, hakusoma chuo chochote. Sanamu yake itafanya nini chuoni? Jibu limo katika historia ya chuo chenyewe. Chuo cha Kivukoni kilianzishwa na TANU mwaka 1961 ili kuwafunza uongozi watu wazima ambao ukoloni uliwanyima nafasi ya kusoma. Leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Na TANU hiyo ilijengwa na nani? Mwaka 1955 John Hatch, wa Chama cha Labour cha Uingereza, alipouliza wanawake wa TANU wako wapi, Bibi Titi ndiye aliyetajwa. Yeye alikuwa mwimbaji wa ngoma, akivijua vikundi vya akina mama wa mji. Alivifuata kimoja baada ya kingine, na katika muda wa miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakaandikishwa. Wengi wao hawakupata kuingia darasani, lakini ada na nguvu zao zilikitia Chama uhai.

Kwa hiyo jambo kubwa si sanamu tu, bali ni jinsi fedha zake zitakavyopatikana. Tajiri mmoja anaweza kulipa gharama yote kwa siku moja, kisha akabandika jina lake chini ya miguu ya Bibi Titi. Njia nyepesi ya pili watumishi wa umma wanaifahamu vyema: waraka hutoka juu, na mchango ukakatwa katika mshahara kabla ya mwenye mshahara kuulizwa. Kila moja ya njia hizo ingeleta sanamu, lakini hakuna hata moja inayolingana na mwanamke anayekumbukwa. Bibi Titi hakumkata mtu mshahara. Alisimama mbele ya watu akawashawishi, nao wakatoa kwa hiari.

Njia ya wengi imekwisha kujaribiwa. Mwaka 1885, mjini New York, fedha za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru zilipopungua, gazeti la Joseph Pulitzer liliahidi kuchapa jina la kila mchangaji, hata awe mtoto. Watu zaidi ya 120,000 walichanga zaidi ya dola 100,000. Wengi wao walitoa chini ya dola moja.

Vivyo hivyo, kamati ya Kivukoni itakapoundwa, na itoe stakabadhi kwa kila shilingi. Majina yabandikwe soko la samaki la Feri, Kariakoo na katika shule. Kiwekwe kikomo cha mchango, ili mkurugenzi na mchuuzi wa samaki wakae katika orodha moja. Kazi apewe msanii Mtanzania, na fedha za matunzo zitengwe kabla ya sanamu kuzinduliwa. Mwalimu atakayeona kwamba dawati linatangulia sanamu, anunue dawati wala asihesabiwe kuwa adui. Hiyo ndiyo maana ya hiari.

Tena maandishi ya chini ya sanamu yaseme yote. Yaseme kwamba mwaka 1962 alikuwa Mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika. Yaseme pia kwamba mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiliwa kwa msamaha wa Rais. Yaseme kwamba alifariki mwaka 2000, na jina lake limebaki katika barabara kuu ya mji. Chuo kinachofundisha uongozi hakiwezi kumficha mwanafunzi nusu ya maisha ya kiongozi. Kijana akiyasoma hayo yote atajua kwamba taifa linaweza kumhukumu mtu, likamsamehe, na hatimaye likamheshimu.

Ndugu zangu, haba na haba hujaza kibaba. Stakabadhi ya kwanza na iandikwe kwa jina la mama muuza samaki wa Feri, naye aelezwe kwanza Bibi Titi alikuwa nani, kisha aachwe aamue mwenyewe.