Taa ya Injini ni Shahidi, Si Hukumu

Mazungumzo ya fundi wa magari mbele ya wakaazi, madereva na mafundi chipukizi wa wadi



Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumzia injini zinazomisi na taa zinazowaka katika gari zetu za zamani. Huenda mtu akadhani kuwa hilo ni jambo la gereji peke yake. Lakini gari nyingi za Unguja zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika miaka mingi, na vipuri vyake hupita bandarini kabla ya kufika dukani. Gari moja ikizimika katika barabara ya Darajani au katika kona nyembamba za Mji Mkongwe, husimama nyuma yake gari ya taka, gari ya wagonjwa na riziki za watu. Aidha, fedha inayotumika kubadilisha kifaa kizima kwa kubahatisha ni fedha iliyotoka katika chakula na matibabu ya familia.

Tuanze na maana ya kumisi. Kila silinda inahitaji mambo manne: hewa, petroli, mgandamizo na cheche, na cheche hiyo ije kwa wakati wake. Likikosekana moja, silinda haichomi, na dereva huhisi gari inatetemeka, inakosa nguvu mlimani au inakohoa. Katika injini ya silinda nne, silinda moja ikilala, takriban robo ya nguvu imepotea. Hasara haiishii hapo. Petroli isiyochomeka huosha utando wa oili katika kuta za silinda, kisha hutoka na kwenda kuungua ndani ya kisafisha moshi, kile chenye matundu kama masega ya nyuki. Joto lake huyayeyusha matundu hayo hadi bomba likaziba. Kosa la plagi moja huweza kuzaa gharama iliyo mara nyingi zaidi.

Sasa tuje kwenye taa. Rangi zake zina utaratibu: nyekundu inakuamuru usimame, njano inakutaka ushughulike, kijani na buluu zinakuarifu tu kuwa kitu fulani kinafanya kazi.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka gari inakwenda, tafuta pahala salama, simama na uzime injini papo hapo. Usiseme kuwa utafika Mwanakwerekwe kwanza. Injini isiyo na msukumo wa oili huweza kuharibika kabisa kwa dakika chache. Subiri kidogo, vuta kijiti, pima. Oili ikiwa imepungua, ongeza. Ikiwa oili ipo na taa bado inawaka, usiwashe tena, gari ivutwe. Taa ya joto nayo inataka usimame, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe mpaka injini ipoe, kwani maji yake hutoka kwa nguvu na huunguza. Taa ya betri aghalabu haina maana kuwa betri imekufa. Ina maana kuwa alteneta haichaji au mkanda umekatika, na katika baadhi ya injini mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Taa ya breki, ikiwa breki ya mkono imeshashushwa, huweza kuwa inasema mafuta ya breki yamepungua. Gari yenye abiria isiondoke kituoni katika hali hiyo.

Taa ya njano yenye umbo la injini ndiyo inayotusumbua zaidi. Ikiwaka bila kupepesa, gari inaweza kwenda taratibu hadi kwa fundi. Katika gari zenye mfumo wa uchunguzi uitwao OBD, taa hiyo ikipepesa wakati gari inakwenda, maana yake injini inamisi kiasi cha kuharibu kisafisha moshi. Punguza mwendo, usiikamie gari, na usimame mapema.

Mfumo huo ulikuwa lazima kwa gari mpya za Marekani tangu 1996, na kwa gari mpya za petroli za Ulaya tangu 2001. Lakini gari zetu nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, na zile kongwe hazikubali mashine za kisasa za kusomea. Toyota nyingi za zamo hizo zina kisanduku cha umeme chini ya boneti. Fundi akiunganisha vituo viwili, TE1 na E1, taa ya injini hupepesa kwa kuhesabu. Mipepeso miwili, kituo, kisha miwili tena ni namba 22, nayo huelekeza kwenye sensa ya joto la maji. Kazi hiyo aifanye anayeijua, kwa sababu kuunganisha vituo visivyo vyake huunguza nyaya.

Hapa ndipo ninapoomba tusikilizane vizuri. Namba inayosomwa ni ushahidi, wala si hukumu. Mathalan, koili moja imekufa na silinda yake haichomi. Hewa iliyoingia silinda hiyo hutoka na oksijeni yake yote. Sensa ya oksijeni iliyo katika bomba la moshi huiona oksijeni hiyo na kuiarifu kompyuta kuwa petroli ni chache. Kompyuta huongeza petroli, gari hunywa zaidi, na mashine huandika malalamiko yanayotaja oksijeni. Mwenye gari huambiwa anunue sensa. Ananunua, taa inafutwa, na baada ya siku mbili inarudi. Sensa ilikuwa shahidi mkweli, nasi tumemfunga shahidi tukamwacha mkosaji.

Basi uchunguzi uende kwa utaratibu, kuanzia kisicho na gharama. Kwanza ni maswali: inamisi asubuhi ikiwa baridi, au ikishapata moto? Wakati wa mvua? Baada ya kuoshwa injini? Baada ya kutia petroli? Majibu hayo ni nusu ya kazi.

Pili, itafutwe silinda iliyolala. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, fundi achomoe soketi ya nozeli moja baada ya nyengine. Mlio ukibadilika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usipobadilika, ndiyo yenye kasoro. Waya wa plagi usivutwe kwa mkono injini ikiwa hai, kwani umeme wake hufikia maelfu mengi ya volti.

Tatu, zibadilishwe nafasi. Katika gari yenye koili juu ya kila plagi, koili ya silinda ya pili ipelekwe ya tatu. Kwa mashine ya OBD, namba P0302 ina maana silinda ya pili inamisi. Ikigeuka kuwa P0303, kosa limeifuata koili, na hapo ununuzi una haki. Ikibaki pale pale, koili ni salama; atazame plagi, nozeli na mgandamizo. Jaribio hilo halihitaji kipuri hata kimoja.

Nne, plagi zisomwe. Ncha ya rangi ya udongo au kijivu ni njema. Masizi makavu ni dalili ya petroli nyingi au cheche dhaifu. Ubichi wa oili ni dalili kuwa oili inapenya. Weupe wa kupauka ni dalili ya joto kupita kiasi. Mwisho upimwe mgandamizo. Silinda moja ikiwa chini, itiwe oili kidogo kupitia tundu la plagi, kisha ipimwe tena. Ukipanda, ringi zimechoka. Usipopanda, tazama valvu au gasketi.

Ndugu zangu, kisiwa chetu nacho kina mchango wake. Gari inayolala Mizingani au Malindi hupokea chumvi ya bahari usiku kucha, na chumvi pamoja na unyevu hula soketi na waya wa athi. Ikija masika, madimbwi hurusha maji hadi kwenye koili. Nyaya za plagi zilizopasuka zitazamwe usiku, boneti wazi na taa zimezimwa. Mtaona cheche za buluu zikitoroka. Kuosha injini kwa mpira wa kasi kunaingiza maji katika visima vya plagi. Petroli iliyokaa katika madumu nayo huweza kuwa na maji. Mara nyingi dawa ni kukausha, kusafisha soketi na kukaza athi, wala si duka la vipuri.

Kwa anayetaka kununua gari, namsihi afungue ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili na ya betri lazima ziwake, kisha zizimike injini ikishanguruma. Taa isiyowaka kabisa haimaanishi gari nzima. Huenda balbu imetolewa ili kuficha maradhi. Tena aiendeshe mwendo wa kutosha, kwani kuchomoa betri hufuta kumbukumbu, na kosa huhitaji muda kurudi.

Nanyi wenye gari mna haki tatu mbele ya fundi: kuandikiwa namba iliyosomwa kabla haijafutwa, kuelezwa ni jaribio gani lililothibitisha kosa, na kurejeshewa kifaa cha zamani. Mafundi wenzangu, tusione uchungu kuulizwa. Anayeuliza leo atarudi kesho akiwa na imani.

Dalili ya mvua ni mawingu. Taa ikiwaka, tusiifunike kwa gundi ya karatasi wala tusikimbilie kununua. Tusimame inapotaka tusimame, tupime inapotaka tupime.