Vita vya Dini na Kuangamia kwa Maktaba: Mhadhara kwa Watu wa Kingi



Desturi ya wahadhiri wanaozungumza juu ya maktaba zilizoangamia ni kuanzia Iskandaria, nami naifuata, kwa sababu habari za mji ule zimepotoshwa mno na watu wa dini, na upotoshaji wenyewe ni sehemu ya jambo ninalotaka kulieleza. Wakristo wengi wamefundishwa ya kuwa vitabu vya Iskandaria vilichomwa kwa amri ya Khalifa Umar, majeshi ya Waarabu yalipouteka mji katika karne ya 7. Lakini kisa hicho hakionekani kimeandikwa popote mpaka zaidi ya miaka 500 ilipokwisha kupita. Wengine hujibu kwa kuutaja mwaka 391, ambapo Wakristo wakiongozwa na Askofu Theofilo walilibomoa hekalu la Serapis, mahali palipowekwa vitabu tangu zamani. Na kubomolewa huko ni kweli tupu, ila waandishi wa zama zile waliolisimulia tukio hilo hutaja sanamu na kuta, wala hawataji vitabu vilivyoungua. Lililo yamkini zaidi ni kwamba hazina ile ilikufa pole pole, kwa vita vya wafalme, kwa kukatika fedha za watunzaji, na kwa kuwa karatasi za mafunjo hazidumu pasipo mtu wa kuzinakili upya. Na ni nadra mtu kunakili kitabu alichokwisha kusadiki kuwa ni cha makafiri.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu ya leo. Moto, ukija, huja mwisho. Kabla yake hutangulia hukumu, ya kwamba wayajuayo wenzetu ni uchawi, au uzushi, au ushenzi. Na hukumu hiyo ikiisha kukubaliwa hata na wenyewe wenye hazina, moto hauna tena kazi ya kufanya.

Pwani yetu iliionja hukumu hiyo mwaka 1505. Mwezi wa Julai jemadari wa Wareno, Francisco de Almeida, aliiteka Kilwa, na imeandikwa na mmoja wa watu waliokuwamo katika safari ile kwamba mapadre walishuka pwani na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba sala ya shukrani mpaka jumba la mfalme, msalaba ukawekwa chini, jemadari akasali, kisha watu wakaanza kuteka nyara. Na mwezi uliofuata Mombasa nayo ikatiwa moto. Tarehe ya wafalme wa Kilwa imetufikia kwa njia mbili tu, yaani kwa hati ya Kiarabu iliyohifadhiwa London, na kwa muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichopigwa chapa Lisbon mwaka 1552. Hata ikawa wajukuu wa Kilwa wakitaka kuwajua wafalme wao, hawana budi kubisha hodi katika nyumba za wageni.

Huku kwetu Kivu na Maniema elimu nyingi haikukaa katika karatasi. Ilikaa vifuani mwa watu, na katika vitu vilivyoshikwa kwa mikono. Kwa jirani zetu Warega, mtu aliyeingia chama cha Bwami alipanda daraja baada ya daraja, na kila kisanamu cha pembe ya ndovu au cha mti alichoonyeshwa kilikuwa kimefungamana na mithali zake, hata mwenye kukishika akawa ameshika pia maneno ya maadili yaliyokusudiwa nacho. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikipiga marufuku chama hicho. Visanamu vikatawanyika, na leo vingi vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, vikisifiwa uzuri wake na watu wasiozijua mithali zake. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1944, Masisi na Lubutu ziliona maasi ya wafuasi wa dini ya Kitawala, pale Bushiri alipojitangaza kuwa mjumbe wa Yesu na watu wakamfuata dhidi ya dola; maasi yakavunjwa kwa bunduki, na vijitabu ambavyo mafundisho ya Kitawala yalitokana navyo vilikuwa haramu katika koloni. Simtetei Bushiri, maana damu ilimwagika. Nataka tukumbuke tu kwamba katika milima hii dini na serikali zimekwisha kugombana juu ya haki ya mtu kusema na kusoma, na kwamba khofu iliyobaki nyuma haikuondoka pamoja na askari.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini juu ya Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 mtambaji aitwaye Rureke alikubali kumsimulia mtaalamu Daniel Biebuyck kisa chote cha Mwindo, yule mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, ambaye baba yake Shemwindo, aliyekwisha kuamuru wake zake wazae mabinti tu, alimtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Siku kumi na mbili Rureke aliimba, akasimulia na kucheza, mkono mmoja ukitikisa kayamba ya kibuyu, mwingine ukiinua mgwisho kama ule wa Mwindo mwenyewe, na njuga zikilia miguuni. Kando yake vijana, miongoni mwao wanafunzi wake, wakigonga kwa vijiti gogo lililolazwa chini. Mwenyewe alisema ya kuwa hajapata kuitamba hadithi nzima kwa mfululizo namna ile, kwani desturi ilikuwa kutamba kipande kimoja, na wasikilizaji wakimtunza kwa shanga na chakula.

Mtambaji wa namna hiyo huitwa She-Karisi, na Karisi ni roho. Wanyanga huamini ya kwamba roho hiyo ndiyo imtakayo mtu ajifunze hadithi, na kwamba mwenye kuitamba hukingwa na maradhi na mauti. Fikirini basi katekista mwema, aliyeagizwa kung'oa mizimu, anayemwona kijana wa darasa lake ameketi nyuma ya She-Karisi na vijiti mkononi. Atamwondoa, naye atarudi nyumbani akimshukuru Mungu kwa roho moja iliyookoka, asijue ya kuwa ameuondoa ukurasa ambamo Shemwindo na ngoma yake wangeandikwa. Nami nawaheshimu makatekista. Wengi wetu tumejua kusoma kwa sababu yao.

Kitabu cha Mwindo kilitoka California mwaka 1969, na maneno yenyewe ya Kinyanga yamo ndani, aliyoyashughulikia pamoja na Biebuyck mwana wa Wanyanga, Kahombo Mateene. Tofauti yake na tarehe ya Kilwa ni hiyo: hadithi hii inaweza kurudi nyumbani kwa lugha yake.

Na kwa wanaodhani kwamba mtu wa dini hawezi kuwa mlinzi wa vitabu, nawakumbusha Timbuktu. Mwaka 2012 wapiganaji waliodai kuutetea Uislamu waliushika mji ule, na Januari 2013, walipokuwa wakikimbia, walichoma maelfu ya hati katika Taasisi ya Ahmed Baba. Lakini walikwisha kutanguliwa na Waislamu wenzao, Abdel Kader Haidara na wenziwe, waliopakia hati kwa mamia ya maelfu katika masanduku ya bati na kuzipeleka Bamako kwa magari na mashua.

Masisi na Walikale zimekuwa katika vita, kwa vipindi, tangu mwaka 1993. Mzee aliyehamishiwa kambini hana baraza wala wasikilizaji, na mwanafunzi wake huenda yuko kambi nyingine. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa kila msikiti, kanisa na parokia iliyowakilishwa hapa: pawe na chumba kimoja chenye mlango wa kufungwa, ambamo mzee wa dini yoyote au wa mizimu ataketi na kusema anayoyajua, kijana akinasa sauti yake kwa simu na mwalimu akiandika, bila mtu kumuuliza kwanza anaabudu nini, na nakala ya kila daftari iwekwe Goma, na nyingine Kisangani.