Kinshasa, mji mkuu wenye hadhi ya jimbo

Kinshasa ni mji mkuu wa Kongo, na papo hapo ni jimbo. Kifungu cha 2 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinaitaja Kinshasa pamoja na majimbo 25. Ndiyo maana watu husema majimbo 26. Mgawanyo wenyewe ulitekelezwa mwaka 2015, majimbo ya zamani yalipokatwa. Kivu Kusini haikuguswa, kwa kuwa ilikwisha kutengwa na Kivu ya zamani mwaka 1988.

Kwa hadhi hiyo, mkaaji wa Masina au Ngaliema, mjini Kinshasa, anapiga kura sawa na yule wa Kavimvira, katika Kivu Kusini. Wote wanachagua rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Kisha wabunge wa jimbo ndio wanaochagua gavana na maseneta. Kwa Kavimvira ni bunge ambalo makao yake kisheria ni Bukavu.

Washington, mji mkuu wa Marekani, mambo ni mengine. Wakaaji wake wamepewa kura ya rais tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 1961, lakini hawana seneta hata mmoja, na mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi hapigi kura sheria zinapopitishwa. Tarehe 22 Aprili 2021 baraza hilo lilikubali, kwa kura 216 dhidi ya 208, mji huo uwe jimbo. Seneti haikupitisha. Nairobi ilipita njia fupi zaidi: Katiba ya 2010 iliifanya kaunti, na wananchi wenyewe wanamchagua gavana na seneta.

Katika Seneti ya Kongo kila jimbo lina viti 4, Kinshasa 8. Anayeona huo ni upendeleo na ahesabu watu kwanza. Kinshasa inakadiriwa kupita wakaaji milioni 10. Bas-Uele, yenye watu wachache mno, ina nusu ya viti vyake.

Upungufu mkubwa uko kwingine. Kifungu cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yazuiliwe palepale yanapokusanywa, ila serikali zilizofuatana zimependelea kugawa fedha zenyewe kutoka Kinshasa. Tena marekebisho ya Katiba ya Januari 2011 yalimpa rais uwezo wa kuvunja bunge la jimbo au kumwondoa gavana panapotokea mzozo mkubwa wa kisiasa, na hapo gavana wa Kinshasa hana kinga zaidi ya yule wa Kivu Kusini.