Kijana wa Mpakani na Kazi ya Mchana



Kila askari aliyewahi kupangwa doria ya usiku baina ya Gisenyi na Goma anamfahamu kijana huyu, ingawa huenda halijui jina lake. Ana umri wa miaka kumi na minane, au ishirini. Begani amebeba furushi la mitumba. Hapiti kwenye kizuizi kikubwa wala kizuizi kidogo, bali hupita vichochoro vya nyuma ya nyumba, pale ambapo ua wa mtu wa Rwanda unakaribia kugusana na ua wa mtu wa Kongo. Mjini Rubavu watu wa namna yake huitwa abacoracora. Mali aliyoibeba si yake. Mwenye mali yumo ndani kwake, anasubiri. Kijana akifika salama hulipwa ujira wake papo hapo. Akikamatwa, ni yeye anayeingia mahabusu, na kesho yake mwenye mali hutafuta bega jingine. Akiamriwa kusimama naye akakimbia, jambo lenyewe laweza kuishia kwenye risasi, na hapo hapana upande unaorudi nyumbani na furaha.

Mazungumzo ya leo hayahusu usiku wa kijana huyo. Usiku wake mnaujua. Yanahusu mchana wake.

Wilaya ya Rubavu, ambayo mji wake ndio Gisenyi, ilikuwa na watu wapatao 403,000 katika sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta ni zaidi ya 540,000. Ardhi haikuongezeka. Mashamba ya viazi na vitunguu yaliyo chini ya milima ya volkano yamegawanywa baina ya baba na wana mpaka sehemu nyingine jembe halina pa kugeukia. Mjini kuna kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoasisiwa mwaka 1957; kuna hoteli za pwani ya Ziwa Kivu, kuna wavuvi wa sambaza, na kuna bandari ya Nyamyumba. Hayo yote ni mema, lakini hayawezi kuwapokea vijana wote wanaoshuka kutoka vilimani. Kinachoulisha mji huo kila siku ni mpaka. Kabla ya mwaka 2020, watu zaidi ya 40,000 walikuwa wakivuka kwa siku moja kwenye kizuizi kidogo, wengi wao wanawake wenye beseni za nyanya na mayai. Machi mwaka ule, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, watu wa miguu walizuiwa na magari ya mizigo yakaachwa yapite. Mji ulipata habari, kwa siku chache tu, kwamba mkate wake ulikuwa umening'inia kwenye uzi mmoja. Baada ya hapo yakaja matetemeko ya Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, kisha vita vya jirani, mpaka Januari 2025 makombora yakaanguka Rubavu kwenyewe na kuua raia.

Basi kijana anayekulia mahali kama hapo, aliyeacha shule kabla ya kumaliza, anahesabiwa wapi? Swali hili si la makarani peke yao. Katika takwimu za kazi za dunia nzima, mtu huitwa hana kazi ikiwa hana kazi, na anaitafuta, na yu tayari kuianza. Yule aliyechoka kutafuta, akakaa barazani, hahesabiwi. Na yule aliyebeba furushi kwa malipo japo saa moja katika juma lile, akisema kweli mbele ya mwenye kuuliza, huandikwa kuwa ana kazi. Kwa hiyo kijana wetu wa vichochoroni, kwa hesabu za vitabuni, huenda ni mfanyakazi. Ndiyo maana wataalamu walianza kuhesabu kundi jingine kwa njia nyingine: vijana wasio kazini, wasio shuleni na wasio mafunzoni. Hesabu hiyo ilianzia Uingereza katika miaka ya 1990, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliiingiza katika malengo yake ya maendeleo. Rwanda huhesabu ujana kuanzia miaka 16 hadi 30. Hata hesabu hiyo mpya haimwoni kijana wa furushi, lakini walau inamwona ndugu yake wa barazani.

Askari hana haja ya kuelezwa kwa nini kundi hilo ni jambo la usalama. Interahamwe ilianza ikiwa jumuiya ya vijana wa chama kilichotawala, na mwaka 1994 kila mtu aliona mikono isiyo na kazi ilivyopewa kazi ya kuua. Miaka ya 1997 na 1998, waasi walipopenya Gisenyi na Ruhengeri, waliwatafuta vijana wa vilimani kwanza. Hadi leo, ng'ambo ya mpaka, kundi lolote lenye silaha linalohitaji wapagazi na wapiganaji huanza na kijana ambaye hakuna anayemngoja kazini asubuhi. Hata hivyo ni kosa, tena kosa la uvivu wa mawazo, kumtazama kila kijana asiye na kazi kama mhalifu ambaye bado hajakamatwa. Walio wengi hawajavunja sheria yoyote. Wameketi tu.

Nchi hii haikuanza jana kulishughulikia jambo hili. Mageuzi ya elimu ya mwaka 1978 na 1979 yaliifanya shule ya msingi kuwa ya miaka minane, na kwa wasiopata nafasi ya sekondari yakaweka vituo vya ufundi na kilimo vilivyojulikana kwa jina la CERAI. Mawazo yalikuwa mazuri: mtoto ajifunze useremala, ujenzi, ushonaji na kilimo, kisha abaki kijijini akijitegemea. Lakini wazazi walivitazama vituo vile kama mahali pa walioshindwa, vifaa vilikuwa haba, na mhitimu alitoka na ujuzi asiokuwa na msumeno wa kuutendea. Mwaka 1991 mfumo huo ukaachwa. Kenya nayo ilikuwa imepita njia hiyo hiyo tangu mwaka 1966, makanisa yalipouliza hadharani mtoto akimaliza shule afanye nini, na jibu likawa vyuo vya ufundi vya vijijini. Huko nako mzazi aliendelea kuota mwanawe mwenye kalamu.

Katika karne hii kazi imeanzwa upya. Mamlaka ya kuendeleza nguvu kazi iliundwa mwaka 2008, na mwaka 2020 shughuli zake zikahamishiwa vyombo vingine, ikiwamo Bodi ya Ufundi ya Rwanda. Serikali iliweka shabaha kwamba vijana 60 katika kila mia wanaomaliza miaka tisa ya elimu waelekee ufundi. Mwaka 2014 ukaja mpango wa taifa wa ajira. Na kabla yake, mwaka 2009, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, ulianza mpango uliopewa jina la Kinyarwanda la Akazi Kanoze, yaani kazi iliyofanywa vizuri. Baadaye ukafuatwa na mwingine, Huguka Dukore, maana yake jifunze tufanye kazi.

Wengi wanaosikia mafunzo ya namna hii hudhani ni ufundi tu, nyundo na cherehani. Sivyo. Sehemu kubwa yake ni mambo ambayo kuruta hufundishwa katika wiki zake za mwanzo: kufika kwa saa iliyotajwa, kusikiliza maagizo mpaka mwisho, kuuliza usipoelewa, kusema kosa lako kabla halijagunduliwa, kufanya kazi na mtu usiyempenda. Pamoja na hayo kijana hufundishwa kuweka akiba na kuandika mapato na matumizi, kujilinda asiumie kazini, kuzijua haki zake na wajibu wake mbele ya mwajiri, na namna ya kuanzisha biashara ndogo. Askari mzee anaweza kucheka akisema kwamba hayo ni malezi, si mafunzo. Ni kweli. Lakini kijana aliyelelewa na shangazi mwenye kuuza nyanya kutoka alfajiri hadi usiku, ni nani aliyepata nafasi ya kumpa malezi hayo?

Je, mafunzo hayo yanafaa? Hapa panahitaji ukweli, maana redio ikisifu kila kitu sifa zake hupoteza thamani. Watafiti wawili wa Marekani, Craig McIntosh na Andrew Zeitlin, waliupima mpango wa Huguka Dukore katika wilaya nyingine za Rwanda kwa njia kali kidogo. Vijana fulani walipata mafunzo. Wengine, badala ya mafunzo, walipewa fedha taslimu zenye thamani sawa na gharama ya mafunzo hayo. Waliopata mafunzo walifanya kazi kwa saa nyingi zaidi, wakawa na akiba zaidi na vifaa zaidi vya kazi, na wakajiona wana hali njema. Lakini waliopewa fedha walipata hayo pia, na juu yake kipato chao na matumizi ya nyumbani vikapanda. Jambo moja ambalo fedha hazikuleta ni maarifa ya biashara. Hayo yalitoka darasani tu.

Wapo waliolichukua tokeo hilo kuwa hukumu ya kuyafunga mafunzo. Ni haraka mno. Linachoonyesha ni kwamba kijana alikuwa na njaa mbili, njaa ya maarifa na njaa ya mtaji, na kila mpango ulishibisha moja. Mkono mtupu haulambwi, na cheti bila msumeno ni mkono mtupu. Ndiyo sababu mpango wa taifa wa ajira uliingiza mikopo ya vifaa: fundi kijana hupewa cherehani au vifaa vya kuchomelea kwa mkopo, akilipa kidogo kidogo. Mfuko wa kuendeleza biashara, BDF, huweza kumdhamini kijana hadi asilimia 75 ya mkopo wake, na kila tarafa katika zile 416 za nchi iliwekewa chama chake cha akiba na mikopo katika mipango iliyoanza mwaka 2009. Njia ipo. Tatizo ni kwamba ni ndefu, nayo ina fomu nyingi na safari nyingi za kuambiwa rudi kesho.

Kadhalika, fedha za wageni si kitu cha kuegemea. Shirika lile la Marekani lililolipia mipango hii lilifungwa mwaka 2025.

Kisha kuna Iwawa. Kisiwa hicho cha Ziwa Kivu, kilicho katika wilaya jirani ya Rutsiro, kina kituo kilichofunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya vijana waliookotwa mitaani na waliozama katika dawa za kulevya. Hufundishwa useremala, ushonaji, ujenzi na kilimo. Watetezi wa haki za binadamu wamelalamika kwamba watu hupelekwa huko bila kupita mahakamani, na lalamiko hilo lastahili jibu la kisheria, si la hasira. Lakini kwa polisi wa Rubavu swali gumu ni jingine: kwa nini baadhi ya wanaotoka huko hurudishwa tena? Kijana aliyejifunza kuranda mbao kisiwani, akishushwa gatini bila randa, bila chumba na bila mtu wa kumpokea, mara nyingi wa kwanza kumwita kwa jina lake ni wale wale aliowaacha.

Lipo jambo moja ambalo wapanga mafunzo wa mjini Kigali hulisahau, nalo Gisenyi kila mtu analijua. Huko, Kiswahili ni chombo cha kazi. Anayekijua vizuri anauza Goma, anapokea mgeni hotelini, anaandika hesabu ya mzigo bandarini, anazungumza na dereva kutoka Mombasa. Bunge lilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na jeshi na polisi walikuwa wakikitumia miaka mingi kabla ya hapo. Ni ajabu kwamba darasa la stadi za kazi mpakani laweza kwenda hadi mwisho bila somo hilo.

Askari si mwalimu wala si benki, na hakuna anayemtaka aache lindo akagawe cherehani. Hata hivyo, tangu mwaka 2013 wako vijana wa kujitolea wanaoshirikiana na polisi katika ulinzi wa jamii, na hao wanazijua nyumba. Kijana anayekamatwa na furushi kwa mara ya kwanza hukaa mbele ya ofisa kwa muda fulani, akijibu maswali ya nani, wapi na lini. Swali moja likiongezwa, la kazi anayoiweza au anayotaka kujifunza, na jibu lake likapelekwa kwa ofisa wa vijana wa tarafa siku ile ile, jina lake litakuwa katika orodha ya pili mbali na ile ya mahabusu.

Na wenye kuendesha mafunzo nao waangalie kalenda zao. Baina ya siku ya kupokea cheti na siku ya kupata vifaa au ujira wa kwanza huweza kupita miezi. Mwenye mali wa magendo hana fomu wala hasubiri kikao. Hulipa usiku ule ule. Ikiwa mkopo wa randa au cherehani utashughulikiwa wakati kijana angali darasani, ukatolewa siku anayomaliza, basi asubuhi ya pili atakuwa na pa kwenda.