SILI NI YA NANI?
(Hotuba ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa Malaba na Busia)



Leo nitasema juu ya ukaguzi wa mizigo mpakani. Chama hakipingi ukaguzi. Silaha au baruti ikifichwa ndani ya kontena, wa kwanza kufa ni yule aliyeshika usukani. Tunalotaka ni kwamba mfanya kazi asibebeshwe kosa lisilo lake.

Zamani lori lilisimama mara mbili, Kenya na tena Uganda. Sasa maofisa wa nchi mbili hukaa pamoja katika kituo kimoja. Cha Busia kilifunguliwa na Rais Kenyatta na Rais Museveni mwezi wa Februari 2018. Lori litokalo Mombasa hukaguliwa upande wa Uganda, nalo litokalo Uganda hukaguliwa kwetu. Karatasi hutangulia kwa kompyuta, ndipo huamuliwa lipi lipite, lipi lipigwe eksirei, na lipi lifunguliwe.

Tena iko sili ya elektroniki. Tangu mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda huifuatilia pamoja mizigo ipitayo njiani. Sili ikifunguliwa, au lori likiacha njia yake, habari hufika ofisini papo hapo.

Lakini ndugu, sili husema kwamba imevunjwa. Haisemi nani aliyeivunja. Tajiri yuko Mombasa, mwenye mali yuko Kampala, anayekutwa na lori ni wewe. Na kuharibu sili ya forodha ni kosa chini ya Sheria ya Forodha ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 2004.

Basi shikeni haya:

1. Kabla ya kuondoka, linganisha namba ya sili na namba iliyo katika karatasi. Zisipolingana, usiwashe gari.

2. Sili ikiharibika njiani, usiiguse. Piga simu kwa forodha, polisi na tajiri wako, uandike saa na mahali.

3. Lori likifunguliwa, uwepo ukishuhudia. Kabla ya kuendelea hakikisha sili mpya imetiwa na namba yake imeandikwa.

4. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Muulize mjumbe wa chama.

Neno la mwisho ni foleni. Mwezi wa Januari 2022 madereva waligoma hapa Malaba kwa sababu ya kutozwa dola 30 za kupimwa Korona. Malori yalijipanga kilomita nyingi, na ada ile ikaondolewa kwa madereva. Haikuondolewa kwa huruma, iliondolewa kwa umoja. Kwa hiyo tudai na hili: siku anayolala dereva foleni akilinda mali ya tajiri ni siku ya kazi, ihesabiwe, na posho yake ilipwe.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.