Marubani Waliobebeshwa Lawama

Kesi imefutwa. Novemba 2025 Jaji Reed O'Connor wa Fort Worth, Texas, alikubali ombi la serikali ya Marekani la kuiondolea Boeing shtaka la jinai lililotokana na ajali za ndege za 737 MAX. Kampuni itatoa zaidi ya dola bilioni 1.1 za faini, fidia na kuboresha usalama, na yameisha. Jaji mwenyewe ameandika kwamba haoni mapatano hayo yanavyoufaa umma, ila sheria haimpi uwezo wa kuyazuia.

Hizo fedha tuziache. Kinachokikera kituo hiki ni miaka saba ya kuambiwa kwamba marubani walikosea.

Machi 10, 2019, ndege ET302 ya Ethiopian Airlines ilipaa kutoka Bole, Addis Ababa, saa mbili na dakika 38 asubuhi, ikija Nairobi. Saa mbili na dakika 44 ilikuwa imejizika shambani karibu na Bishoftu. Walikufa watu 157, Wakenya wakiwa 32. Mmoja wao ni Hussein Swaleh, katibu mkuu wa zamani wa soka ya Kenya, aliyekuwa akirudi nyumbani baada ya kusimamia mechi ya Ligi ya Mabingwa Afrika huko Misri.

Dakika sita. Kapteni Yared Getachew, mwenye umri wa miaka 29 na zaidi ya saa 8,000 angani, hata kumaliza kupaa hajamaliza, usukani wake ukaanza kutetemeka. Sensa ya upande wa kushoto ilidai pua ya ndege imeinuka zaidi ya nyuzi 74. Ya kulia ikasema kama 15 tu. Mfumo uitwao MCAS ulisikiliza sensa moja, ile mbovu, na kuisukuma pua chini. Marubani wakauvuta usukani, wakazima swichi za umeme zinazoongoza bawa la mkiani, kama utaratibu ulivyotaka. Rubani msaidizi akashika gurudumu la mkono lililo kando ya magoti yao. Likagoma. Ndege ilikuwa inakwenda kasi mno, na upepo ulilikandamiza bawa hata nguvu za mtu zisitoshe. Umeme uliporudishwa, MCAS nayo ikarudi.

Ni kweli, injini ziliachwa na nguvu za kupaa, na kasi hiyo iliwaponza. Hilo halifichwi. Lakini nani alibuni mfumo wa kutegemea sensa moja? Si rubani. Nani aliuacha nje ya kitabu cha marubani? Si rubani. Nani aliyahakikishia mashirika ya ndege kwamba anayejua 737 ya zamani atajifunza MAX kwa kompyuta tu, bila simuleta? Si rubani!

Ndege ya MAX ya Lion Air ya Indonesia ilishaanguka Oktoba 29, 2018, ikaua watu 189, na marubani wake hawakujua kwamba MCAS ipo. Baada ya hapo Boeing ilitoa waraka wa tahadhari ambao haukulitaja hata jina la mfumo huo. Bado, Mei 2019, mbunge Sam Graves alisimama katika Bunge la Marekani akasema marubani waliofunzwa Marekani wangeimudu hali ile. Mwezi uliofuata rubani Sullenberger, yule aliyetua na ndege mtoni Hudson mwaka 2009, akamjibu: ameijaribu kwenye simuleta, tena akijua kitakachotokea, na ameona jinsi muda unavyoweza kumwishia rubani yeyote.

Na mtu pekee aliyefikishwa kizimbani kwa jina lake? Rubani. Mark Forkner, rubani wa kiufundi wa Boeing, ambaye baraza la mahakama lilimwachia huru Machi 2022. Wakubwa waliopanga bei na ratiba hawakushtakiwa kwa jinai.

Januari 2020 Boeing yenyewe iligeuka, ikapendekeza mafunzo ya simuleta kwa kila rubani wa MAX. Watu 346 walikuwa wameshazikwa, wengine mabaki tu.

Jambo hili si la Texas peke yake. Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 yake ya kwanza Oktoba 2023. Mfumo umerekebishwa, unasoma sensa mbili, sawa. Lakini mamlaka zetu za usafiri wa anga zisingoje Washington izifikirie! Waulizeni marubani wetu wamekaa simuleta saa ngapi, na kwa hitilafu zipi. Waulizeni watengenezaji ni kipi kingine hakimo kitabuni. Wabunge, amkeni! Ripoti ya mwisho ya Ethiopia ipo tangu Desemba 2022: isomwe Nairobi, isomwe Dodoma, isomwe kabla ya mkataba wa ndege nyingine kutiwa saini.