Meza ya Chuma, Kazi ya Mbao
Mazungumzo kwa mafundi na familia zilizowasili karibuni Maskati

 

Najua miongoni mwenu wamo maseremala walioacha karakana na vifaa vyao nyuma. Seremala bila meza ni kama mvuvi bila ngalawa. Meza mpya ya useremala ni ghali, lakini ukizunguka sehemu za karakana kama Wadi Kabir na Ghala, si ajabu kukuta meza kuukuu ya kuchomelea vyuma ambayo mwenyewe haitaki tena. Je, inafaa kwa mbao? Inafaa, ila lazima uigeuze kwanza, na ukishaigeuza, isirudi kwenye kazi yake ya zamani.

Uzuri wake ni uzito. Ukisukuma randa juu ya meza nyepesi, meza hutembea nawe. Ya chuma hutulia.

Tuseme umeipata. Kabla hujalipa, weka ubao ulionyooka juu yake, kutoka kona mpaka kona. Ukiona mwanga chini ya ubao, bamba limepindishwa na moto. Kupinda kidogo kunarekebishika kwa vipande vyembamba vya mbao chini ya kifuniko. Kupinda sana, iache. Tazama na miguu: penye ufa kwenye maungio, mtafute fundi aunge upya kabla hujaipeleka nyumbani.

Kisha isafishe. Matone ya chuma yaliyoganda juu yatakukwaruzia kila ubao. Yabandue kwa patasi mbovu na nyundo, umalizie kwa grainda, ukiwa umevaa miwani. Osha grisi kwa sabuni. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na sumu hiyo huwadhuru zaidi watoto. Usiipige msasa mkavu, wala usifanye kazi hiyo wanapocheza.

Hatua ya tatu ni kuifunika. Weka plaiwudi ya milimita 18, tabaka mbili ukiweza. Patasi ikigonga chuma, makali yamekwenda. Tena hapa tuko karibu na bahari: chuma kitupu hushika kutu, na kutu ikikutana na unyevu huacha madoa meusi kwenye mbao kama mvule. Toboa bamba kwa kekee, ukaze skrubu kutoka chini, ili pasiwe na kichwa cha chuma juu kitakachokutana na randa. Plaiwudi ikichakaa, unaifungua na kuigeuza upande wa pili.

Pima na urefu. Simama wima, mikono imening'inia. Kwa kazi ya randa, meza ifike kama kwenye kiwiko cha mkono, pale unapovaa saa. Kumbuka tabaka mbili za plaiwudi zimeongeza karibu sentimita 4. Kama kuna jiliwa, vika meno yake vipande vya mbao laini.

Sasa lile kubwa kuliko yote. Meza hii usiichomelee tena, wala usimruhusu jirani aje kuchomelea geti lake hapo, hata mara moja. Cheche ikizama ndani ya maranda haiwaki papo hapo. Hujificha ikifuka polepole, na moto huweza kuzuka baada ya saa kadhaa, nyumba nzima imelala. Kazi ya chuma iwe na mahali pake, mbali. Fagia maranda kila jioni. Moto ukitokea, toa watu kwanza, kisha piga 9999.

Vumbi nalo si la kudharau. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao husababisha saratani. Vaa barakoa, na usikate mbao ndani ya chumba cha kulala watu.

Wakati wa joto, weka meza kivulini. Kuanzia Juni mpaka Agosti sheria ya Oman inasimamisha kazi za ujenzi juani, saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana. Nawe jipumzishe saa hizo hizo.

Kama umepanga nyumba, zungumza na mwenye nyumba kabla hujaingiza meza. Na kabla hujapokea malipo ya kazi ya kwanza, uliza habari za kibali na leseni. Kutengeneza kitanda cha wanao ni jambo moja. Kuuza vitanda ni jingine.

Ndugu zangu, ufundi wenu si mgeni hapa. Boriti za mikoko za Lamu na Rufiji zilisafiri kwa majahazi kuja kuezeka nyumba za Ghuba, na mji wa Sur unajulikana mpaka leo kwa kuunda majahazi. Mikono mmekuja nayo. Ianzishieni meza iliyo salama.